Tusingoje Giaboksi Iungue Ndipo Tupime Oili

Jua lilikuwa limekwisha kuinama upande wa Tunduru tulipoanza kuupanda ukingo wa uwanda wa Makonde, tukitoka Masasi kwenda Newala. Garini tulikuwa watu sita, na nyuma mlikuwa na gunia la mchele, ndoo mbili za mafuta ya kula na virago vya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa shangazi yangu, ambaye asubuhi ile alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali ya Mkomaindo baada ya kupasuliwa, naye daktari alikuwa amemwagiza asibebe kitu kizito wala asitikisike ovyo. Gari lilikuwa la Kijapani, la otomatiki, lisilo na pedali ya klachi. Tulipofika nusu ya mlima, injini ilianza kunguruma kwa nguvu bila ya gari kuongeza mwendo. Nikakanyaga mafuta, mngurumo ukazidi na mwendo ukapungua. Mwishowe gari likasimama kabisa, na hapo ikatoka harufu kama ya ugali ulioungua chunguni.

Tulikaa kando ya barabara mpaka giza likaingia, shangazi akiwa amelala ubavu juu ya khanga mbili. Hatimaye likaja lori lililokuwa likipeleka saruji Newala. Dereva wake, mtu mwungwana, alimpandisha shangazi mbele pamoja naye, akafunga kamba kwenye gari langu na kutuvuta hadi mjini. Nilimshukuru kama mtu aliyepata ndugu safarini. Wakati ule sikujua kwamba kamba ile ilikuwa ikimalizia kukiua kile ambacho mlima ulikuwa umekwisha kukijeruhi.

Asubuhi yake fundi alifungua boneti, akachomoa kijiti kirefu ambacho kwa miaka yote niliyokuwa na gari lile sikuwahi kukigusa, akakipangusa kwenye kipande cha karatasi nyeupe. Oili ambayo ilipaswa kuwa nyekundu kama maji ya rozela ilikuwa nyeusi kama masizi. Alinusa, akanipa na mimi ninuse.

“Mzee, oili hii ulibadilisha lini?”

“Fundi, oili mimi hubadilisha kila kilomita 5,000. Sijapitisha hata mara moja.”

“Hiyo ni ya injini. Mimi nauliza ya giaboksi.”

Nilinyamaza. Gari lilikuwa mkononi mwangu mwaka wa sita.

Tunaileta habari hii mbele ya wasomaji kwa sababu aibu ile si ya mtu mmoja. Mikoa yetu ya kusini imejaa magari ya namna hii, na sababu yake inajulikana. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika zao la korosho mwaka 2007, mkulima anayeuza vizuri hupata fedha zake kwa mkupuo baada ya mnada. Na katika minada ya Oktoba 2024, bei ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, wako waliojenga, wako waliosomesha, na wako walioagiza magari. Gari linaloagizwa aghalabu ni la Kijapani lililokwisha kutumika, na kwa kuwa Wajapani wenyewe wamekwisha kuacha gia za mkono isipokuwa wachache mno, gari hilo huwa la otomatiki. Huteremshwa bandarini Dar es Salaam, na kitabu chake cha maelekezo, kama kipo, kimeandikwa kwa Kijapani. Mnunuzi huambiwa mambo mawili: petroli inatiwa wapi, na oili ya injini ni ya aina gani. La tatu haambiwi.

Madereva wetu wazee, waliojifunza kazi katika malori ya Bedford na katika Land Rover za serikali, hawana lawama katika hili. Giaboksi waliyoijua wao ni chuma kinachozungusha chuma. Oili iliyokuwa ndani yake ilikuwa nzito, kazi yake ilikuwa kulainisha meno tu, na ikikaa miaka mitano bila kuguswa gari halikulalamika sana. Wamewarithisha vijana maarifa hayo, na maarifa yalikuwa sahihi kwa mashine ile. Mashine imebadilika, maarifa yamebaki.

Katika giaboksi ya otomatiki oili hailainishi tu: ndiyo inayofanya kazi. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo ambacho mafundi hukiita konveta. Ndani yake mna mapangaboi mawili yanayotazamana, moja limeshikwa na injini, jingine limeshikwa na giaboksi, nayo hayagusani. La injini likizunguka huirusha oili, oili hulipiga lile la pili, nalo huzunguka. Nguvu yote ya kulisukuma gari wakati wa kuondoka na wakati wa kupanda hupita katika oili hiyo. Halafu oili hiyo hiyo, ikisukumwa na pampu, hupita katika vijia vyembamba na kuzibana bamba za klachi zilizo ndani, ili gia ya kwanza iachie na ya pili ishike. Zaidi ya hayo huosha, hupoza na kulainisha. Hata kushikana kwa zile bamba, kwamba zisiteleze wala zisikamate kwa mshituko, kunategemea dawa zilizochanganywa katika oili. Mtu akisema kwamba oili ya giaboksi ni ya kulainisha tu, ni sawa na kusema kwamba damu kazi yake ni kulowanisha mwili.

Kwa kupita tu, dawa hizo zina historia ya ajabu. Giaboksi ya kwanza ya aina hii kutengenezwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors ya Marekani, iliyotangazwa mwaka 1939 kwa ajili ya magari ya Oldsmobile. Kwa miaka mingi baada ya hapo, sehemu ya utelezi mwema wa oili yake ilitokana na mafuta ya nyangumi. Marekani ilipoyapiga marufuku mafuta hayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu walihangaika kutafuta mbadala, na magari mengi yalipata matatizo kabla mbadala ulio bora haujapatikana. Rangi nyekundu si ya asili. Hutiwa makusudi ili mtu akiona tone chini ya gari ajue kwamba limetoka katika giaboksi na si katika injini.

Adui mkubwa wa oili hii ni joto. Mafundi wa oili wana kanuni yao isemayo kwamba joto la oili likipita kiasi cha nyuzi 80 za sentigredi, kila linapopanda kwa nyuzi kumi hivi tena, umri wa oili hupungua kwa nusu. Kanuni hiyo ni ya kukadiria, lakini inaonyesha kwa nini oili inayodumu miaka mingi katika gari la karani wa Tokyo haiwezi kudumu hivyo hapa kwetu. Konveta hutoa joto jingi pale injini inapozunguka kwa kasi na magurudumu yanazunguka polepole. Na hiyo ndiyo hali halisi ya kupanda Newala na mzigo, na ndiyo hali ya kujikwamua katika mchanga wa uwanda wa Makonde wakati wa kiangazi. Mtu aliyekwama mchangani akabadilisha D na R, D na R, huku akikanyaga mafuta kwa hasira, anaipika oili yake kwa dakika chache zaidi ya vile ambavyo ingepikika kwa mwezi mzima katika barabara ya lami ya kwenda Mtwara. Katika mlima mrefu yafaa kuzima kitufe cha O/D, au kushusha mkono hadi 2 au L, ili gari lisiwe likipanda na kushuka gia kila mara. Mimi siku ile nilikuwa katika D tangu Masasi, na kitufe sikukijua kazi yake.

Sasa tuje kwenye kupima, jambo ambalo halina gharama yoyote. Magari mengi ya Toyota na Nissan ya miaka iliyopita yana vijiti viwili chini ya boneti: cha injini, na kingine ambacho mara nyingi kimejificha chini zaidi, karibu na ukuta wa injini. Hiki cha pili ndicho tunachokitaka. Liendeshe gari kilomita kumi na tano au ishirini ili oili ipate joto lake la kawaida, kisha liegeshe mahali palipo tambarare na uvute breki ya mkono. Injini iendelee kuunguruma polepole. Ukiwa umekanyaga breki, upitishe mkono wa gia katika kila herufi, kutoka P hadi L, ukitua kidogo kwenye kila moja, kisha uurudishe P. Toka nje, chomoa kijiti na injini ikiwa bado inawaka, kipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena usome. Kijiti kina alama za oili baridi na alama za oili moto. Zinazohusika hapa ni zile za moto, na oili iwe kati yake. Magari ya Honda yana taratibu nyingine: oili ikiwa moto, injini huzimwa kwanza, na kijiti husomwa mara moja kabla dakika moja na nusu haijapita. Anayepima Honda kwa mtindo wa Toyota hudanganyika.

Oili ikipungua, pampu huvuta hewa pamoja na oili, na hewa haiwezi kubana klachi. Ikizidi, gia zinazozunguka huipiga ikatoa povu, na povu nalo ni hewa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuzidisha kidogo ni hifadhi. Ikibidi kuongeza, tumia faneli safi, kidogo kidogo, kama robo lita, kisha upime tena. Na maadam oili hii hailiki kama ya injini, upungufu maana yake kuna mahali inapovuja. Patafute.

Zaidi ya kiasi, tazama sura yake. Nyekundu angavu ni nzima. Ikigeuka hudhurungi lakini hainuki, imezeeka na saa yake imefika. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inaonyesha kwamba bamba za klachi zimekwisha kuumia. Ikiwa na rangi ya waridi iliyochanganyika kama maziwa, maji ya rejeta yameingia. Kwa kuwa katika magari mengi oili ya giaboksi hupoozwa ndani ya rejeta, na rejeta iliyotoboka kwa ndani huchanganya viwili hivyo. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata kwenda kwa fundi.

Yako pia magari mapya zaidi yasiyo na kijiti. Toyota nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2004 hivi, zinazotumia oili iitwayo WS, hupimwa kwa chini: gari huinuliwa likiwa tambarare, oili ikiwa na joto la karibu nyuzi 40, na nati maalumu hufunguliwa ili kinachozidi kitiririke. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo cha joto. Watengenezaji wa baadhi ya magari hayo walitangaza kwamba oili yake ni ya maisha. Maisha ya nani, hawakusema. Maisha ya gari kwa mtengenezaji yaweza kuwa miaka ya dhamana yake. Kwa mkulima wa Newala, gari huanza maisha siku linapoteremshwa bandarini likiwa limekwisha kutembea kilomita 100,000.

Hapa ndipo tunapokutana na imani iliyoenea katika gereji zetu, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima: ya kwamba ukibadilisha oili ya giaboksi gari linakufa. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Wameona kwa macho yao gari lililoingia gereji likitembea, likabadilishwa oili, na baada ya wiki likakataa kupanda gia. Lakini tuulize: gari lile lilipelekwa gereji kwa nini? Aghalabu lilipelekwa kwa sababu lilikuwa limekwisha kuanza kuteleza. Bamba zake zilikuwa zimelika, na vumbi la bamba hizo, likielea katika oili chafu, ndilo lililokuwa likisaidia kidogo mshiko uliobaki. Oili mpya ilipotiwa vumbi likaondoka, na ugonjwa uliokuwa umefichwa ukajitokeza. Hali huwa mbaya zaidi pale fundi anapotumia mashine ya kusukuma oili yote kwa nguvu, kwani uchafu uliotulia hung’oka na kwenda kuziba vijia vyembamba. Oili mpya haikuliua gari lile. Ilikuta limekwisha kufa.

Kutokana na hayo, msimamo wetu ni huu. Gari linalopanda gia vizuri, hata kama oili yake imezeeka, lisiogopwe kubadilishwa. Nalo libadilishwe kwa kumwaga tu, si kwa mashine. Gari ambalo limekwisha kuteleza na oili yake ni nyeusi yenye kunuka, mwenye gari aambiwe ukweli kabla spana haijaguswa: kwamba huenda oili ikasaidia, huenda isisaidie, na kwamba aanze kuweka fedha za giaboksi. Fundi anayekubali kazi hiyo bila kusema neno ndiye anayeikuza ile imani.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ya siku nzima. Oili ikiwa ya uvuguvugu, nati ya chini hufunguliwa na kinachotoka hupokelewa katika chombo safi, kisha hupimwa kwa lita, kwa maana kiasi kitakachorudishwa kwanza ni hicho kilichotoka. Penye sampo inayofunguka, ifunguliwe: ndani mna sumaku ndogo zilizokusanya unga wa chuma. Unga laini kama wa masizi ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida. Sumaku zipanguswe, filta ibadilishwe au ioshwe kulingana na aina yake, gasketi iwe mpya.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba haitoki yote. Katika giaboksi yenye lita nane hivi, kitakachomwagika ni lita tatu au zaidi kidogo, kwa kuwa nyingi hubaki katika konveta. Ukimwaga asilimia 40 na kutia mpya, umebaki na asilimia 60 ya zamani. Liendeshe gari kwa majuma mawili, urudie, utabaki na asilimia 36. Ukirudia mara ya tatu, itabaki kama 22. Hiyo inatosha, na giaboksi huipokea oili mpya taratibu bila mshituko. Baada ya hapo, kwa milima yetu na mchanga wetu, kumwaga mara moja kila kilomita 40,000 si kwingi.

Kuhusu aina, ukaidi unahitajika. Dexron, T-IV, WS, Matic na nyinginezo si majina ya biashara ya kitu kimoja. Dawa zilizomo hutofautiana, na giaboksi iliyoundwa kwa moja huweza kukamata vibaya kwa nyingine. Zile giaboksi zisizo na gia bali mkanda wa chuma, zilizoenea sana katika magari madogo ya Nissan, zina oili yake peke yake, na kuzitia oili ya kawaida ya otomatiki ni kuziangamiza. Kwa sababu hiyo tunawaomba wafanyabiashara wetu waache desturi ya kuuza oili nyekundu kwa kupima katika chupa za maji ya kunywa. Nyekundu zote zinafanana chupani. Mnunuzi ana haki ya kuuona mkebe, lakiri yake na jina lililoandikwa juu yake. Nao wanaoagiza magari kwa niaba ya wakulima wangefanya hisani kubwa kama wangebandika mlangoni karatasi ndogo ya Kiswahili yenye jina la oili ya giaboksi na mahali kilipo kijiti chake.

Oili iliyomwagwa isimwagwe shimoni. Uwanda wa Makonde umejulikana tangu zamani kwa shida ya maji, na familia nyingi huvuna ya mvua mabatini. Oili chafu ikitupwa ovyo huingia ardhini na kuchukuliwa na mvua hadi mabondeni, kuliko visima.

Limebaki suala la kamba. Pampu ya giaboksi ya otomatiki huzungushwa na injini. Injini ikizimika pampu husimama, na magurudumu yanapovutwa yanazungusha vyuma vya ndani vikiwa vikavu. Ndiyo maana gari la namna hii halitishwi moto kwa kusukumwa, na ndiyo maana kulivuta kwa kamba masafa marefu ni kulisaga. Lipakiwe juu ya lori, au magurudumu yanayoendeshwa na injini yainuliwe juu. Ikiwa hapana njia nyingine kabisa, mkono uwe katika N, mwendo usipite kilomita 30 kwa saa, na masafa yawe ya kuliondoa katika hatari tu. Sisi tulivutwa mlima mzima na uwanda hadi mjini Newala, tena kwa haraka, kwa kuwa mgonjwa alikuwa mbele.

Fundi alipoifungua giaboksi ile alikuta bamba zimebaki vyuma vitupu, na vyuma vingine vimegeuka rangi ya buluu kwa joto. Nilinunua nyingine iliyotolewa katika gari lililopata ajali, kwa fedha ambazo zilikuwa zimetengwa kununulia dawa ya mikorosho ya msimu uliofuata. Shangazi alipona, ingawa alirudishwa Mkomaindo baada ya siku nne kwa sababu mshono ulikuwa umeanza kufunguka. Alikwenda kwa basi.